Chumba cha Picha Hakina Stelingi

Kwanza mnisamehe mwandiko. Naandika nikiwa nimeinamia meza, na herufi zangu nazo zimeinama upande huo huo kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Shule yangu ni ya msingi tu, ya kule Litapunga, na nyumbani tulikua tukisema Kinyamwezi, kwa hiyo mkikuta l mahali pa r, ibadilisheni wenyewe muendelee kusoma. Ukurasa mmoja unanichukua mpaka chai inapoa. Naipasha, inapoa tena.

Aliyeniita mstaafu ni Mama Goreti, mkubwa wangu wa kazi. Nilipomwambia mkataba wangu wa uhudumu umekwisha na nimekubali kwenda Magamba kusimamia mashine ya kusaga ya mjomba wangu, alisema basi nimestaafu, na mstaafu lazima aandike kumbukumbu za kazi. Nikamwambia wastaafu wana mvi. Akasema mvi zitanikuta Magamba, kwenye unga.

Habari za vyeo sitaziweka humu, kwa sababu sikuwa nacho. Za mshahara sitaziweka, kwa sababu hiyo hiyo. Nawaandikia nyie wawili mnaoshika nafasi yangu pale kituo cha vipimo. Mlikuja niwaelekeze kwa mdomo, mkaniona natazama sakafu mpaka mkaondoka. Haikuwa dharau. Ni aibu, ninayo tangu utotoni, na mtu akinitazama usoni maneno yanarudi tumboni. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Jambo la kwanza la kujua ni hili. Hakuna mgonjwa atakayeingia pale akiwa hajawahi kuiona mashine. Wote wameshaiona. Wameiona kwenye picha.

Nasema hivyo kwa sababu kabla ya kuja Mpanda nilifanya kazi Majimoto, kwenye banda la video. Niliwasha jenereta, nilipanga mabenchi, nilifukuza mbuzi. Mtu mkubwa pale alikuwa mtafsiri, Dijei Sululu. Picha zilikuwa za Wachina, za Wahindi, za Wakorea na za Wazungu, na zote alizitafsiri yeye, akiwa nyuma ya pazia jekundu na kipaza sauti. Kichina hakukijua. Kihindi hakukijua. Kiingereza alikijua cha kuagizia soda. Lakini hadithi aliijua kuliko mtu aliyeitunga. Jenereta likizima na kioo kikawa cheusi, Sululu aliendelea kutafsiri, na hakuna aliyeinuka.

Kwenye picha hizo mhusika mkuu anaitwa stelingi, na stelingi hafi. Wanaomsumbua ni maadui. Na haikupita picha bila hospitali. Stelingi akiumizwa analazwa kwenye kitanda kinachojisukuma chenyewe kuingia kwenye tundu kubwa la duara, kama mkate unaoingia tanuri. Taa za bluu zinawaka. Kitu kinalia pi, pi, pi. Halafu kwenye kioo unaonekana mwili mzima kwa rangi, moyo mwekundu unadunda, na madaktari wote wamemzunguka wamekunja mikono. Hapo Sululu anashusha sauti: "Mashine haidanganyi. Mashine inaona hadi mawazo." Banda zima linaguna. Na mimi kule kwenye jenereta nilikuwa naguna.

Kwa hiyo siku yangu ya kwanza pale kituoni nilikuja nimevaa shati la sikukuu, nikitegemea taa za bluu. Nilikuta chumba chenye meza moja, kitu kinachoning'inia kwenye mkono wa chuma, feni yenye kelele, na pazia la kijani lenye maua. Mama Goreti alikuwa anafuta meza. Yeye ndiye mtaalamu wa mionzi, kama mnavyomjua, mama wa makamo aliyelelewa Katumba na wazazi waliotoka Burundi, na anaongea polepole kama mtu anayemimina maziwa asiyamwage. Nilimwamkia, kisha nikamuuliza tanuri liko wapi. Alinielekeza kwa mama anayeuza mandazi ng'ambo ya barabara.

Tulipoelewana, alicheka bila kufungua mdomo, kisha akanionyesha mashine mbili. Ya kwanza ni eksirei, inayopiga picha ya mifupa na kifua kwa mionzi, na inamaliza kabla mtu hajapepesa. Ya pili ni altrasaundi, ile iliyo kama televisheni ndogo juu ya toroli. Hiyo haina mionzi kabisa. Inatuma sauti ambayo sikio halisikii, sauti inaingia tumboni, inagonga, inarudi, na mashine inachora pale ilipogonga. Alisema ni kama kupiga ukelele kwenye korongo: ukirudi, unajua ukuta uko wapi.

"Na mawazo inayaona?" niliuliza.

"Ewe," alisema, "hata kama mtoto ni wa kike au wa kiume, siku nyingine inakataa kuona. Mawazo itayaona wapi?"

Nikabaki na huzuni kidogo. Nilikuwa nimewaaga watu Majimoto kwamba naenda kwenye mashine inayoona mawazo.

Kazi yenyewe, kama mtakavyoona, ni kuwaambia watu wavue. Kwenye picha stelingi anaingia kwenye mashine na mkufu wake, saa yake na viatu. Pale kituoni chuma chochote kinatoka, vifungo vinatoka, na anayesema "mzee, naomba uvue shati" ni nyie. Wiki za mwanzo niliwaambia nikitazama ukuta, na baadhi walidhani nauambia ukuta. Ndipo nikakumbuka Dijei Sululu. Nikaingia nyuma ya pazia la maua, nikasemea huko, na sauti ikatoka nzito na yenye adabu. Nawapa hiyo bure. Nyuma ya pazia hata mwenye aibu anakuwa mtu.

Lakini msisahau kuhakikisha kwa macho. Baba mmoja aliapa kwamba amevua kila kitu, na picha ya kifua ilipotoka tukaona ufunguo, umekaa vizuri katikati ya mbavu, meno yote yanahesabika. Kumbe alikuwa ameubana kwapani kwa uzi, na uzi ukateleza. Alisema ni wa ghala la mahindi, na shemeji yake yuko nyumbani. Mama Goreti aliitazama ile picha muda mrefu, akasema mapafu ni mazima, ila ghala linahitaji matibabu.

Halafu kuna neno lenyewe, picha. Ukimwambia mama wa Magamba kwamba kesho atapigwa picha, atakuja amepigwa pasi. Mmoja alikuja na sare ya kwaya na poda usoni, akauliza acheke au akae kawaida. Nilipomwambia nyuma ya pazia kwamba uso hautaonekana, alisikitika kweli. Aliuliza sasa watu watajuaje kwamba ni yeye. Baadaye akaomba nakala ya kumtumia dada yake aliyeko Sumbawanga.

Neno lililotutesa zaidi ni risasi. Mnajua aproni ile nzito anayovaa Mama Goreti, ndani yake kuna risasi, yale madini mazito, maana mionzi haipiti kwenye risasi. Mlango nao una bamba la risasi, na ule ukuta mdogo wa kusimama nyuma yake pia. Kwenye picha hakuna haya. Daktari wa kwenye picha anasimama kando ya mgonjwa amemshika mkono, na mionzi inawapitia wote wawili kama upepo wa feni. Basi siku moja alikuja mzee wa Mpimbwe aliyekuwa askari wa wanyama porini zamani zake. Alikuwa anakohoa. Alivua shati bila kubembelezwa, akasimama kifua kwenye ubao kama tulivyomwelekeza. Mama Goreti akaniambia kwa sauti ya kawaida nimletee ile ya risasi.

Yule mzee aligeuka taratibu.

"Ya nini?"

"Ya kuzuia risasi, mzee," nilisema, na hapo nilikuwa nimekosea hata kuliko nilivyojua.

Alimtazama Mama Goreti akivaa aproni. Alitutazama tukirudi nyuma ya ukuta. Mama Goreti, kwa upole wake wote, akamwambia avute pumzi, asipumue, asitikisike.

"Mwanangu," alisema yule mzee, akichukua shati lake, "mimi nimelengwa na majangili Katavi nzima na sikukimbia. Lakini wale walinilenga uso kwa uso. Nyie mmejificha ukutani, mmevaa nguo za kuzuia risasi, mimi mmeniacha kifua wazi, halafu mnaniambia nisipumue. Hapana."

Mama Goreti alijaribu kumtuliza. Alimweleza kwamba mgonjwa anapigwa mara moja tu, ila yeye mwenye kazi anapigwa kutwa nzima, ndiyo maana anajikinga. Neno kupigwa halikusaidia. Ilibidi Mama Goreti ambebeshe ile aproni mikononi aone ni kitambaa kizito tu, amweleze kwamba haya ni yale madini wanayotengenezea risasi ila hapa yamelazwa kama shuka, ndipo akarudi kwenye ubao, akakohoa, akasema kama ni kufa basi afe anatazama mbele. Picha ilitoka nzuri sana. Toka siku hiyo tunaiita aproni nzito. Na nyie iiteni hivyo.

Mkitaka kumfurahisha Mama Goreti, wakati wa chakula mwonyesheni picha yoyote yenye hospitali kwenye simu. Siku moja tuliona daktari amevaa miwani, ameinua picha ya eksirei dirishani, anaikunjia uso, kisha anamwambia mgonjwa kwamba ubongo wake una tatizo. Mama Goreti aliacha ugali. Alisema hiyo ni picha ya kifua, sio kichwa. Akaikazia macho, akasema tena imeshikwa juu chini, ini liko juu ya mapafu, huyo mgonjwa lazima alikuja akitembea kwa mikono. Alicheka mpaka akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza nikaona ana pengo.

Tulikuwa tunacheka hivyo. Nilidhani picha hizi ni kichekesho tu, mpaka alipokuja Maduhu. Majina ya hao nimeyabadilisha.

Maduhu ni mfugaji wa Majimoto, Msukuma, kijana mrefu aliyeacha fimbo yake mlangoni kwa heshima. Alikuja na mke wake, Kabula, ambaye ana asili ya kwetu Litapunga na alikuwa na ujauzito unaoonekana, na mama mzazi wa Maduhu mwenyewe, aliyemwita mayu kama wanavyoita mama zao. Wote watatu walitoka kwenye bodaboda moja, wamebanwa, na katikati yao begi la shangazi kaja, lile la miraba. Begi likawekwa kwenye benchi na mayu akakaa kando yake, mkono juu.

Niliyajua mambo yao kabla hawajaandikishwa, kwa sababu Maduhu hakujua kunong'ona. Kiangazi kilichopita alikuwa mbali na ng'ombe, akitafuta malisho. Aliporudi mvua zimeanza, akamkuta mke ana mimba. Alihesabu miezi kwa vidole, akapotea, akahesabu upya, akapotea tena, akaamua kutafuta mashine. Alimwagiza mama yake afunge nguo za Kabula kwenye begi. Kama mashine ikionyesha mtoto si wake, Kabula hatarudi Majimoto. Atapandishwa pikipiki ya Litapunga na begi lake kutokea pale pale kituoni.

Kabula hakuwa analia. Alikuwa anatazama bango la kunawa mikono kama mtu anayesoma barua.

Mama Goreti alimwingiza Kabula, na Maduhu akataka kuingia, akaruhusiwa. Mlango ulibaki wazi kidogo kwa ajili ya joto. Mimi nilikuwa mahali pangu, nyuma ya pazia, nakunja mashuka na kuchungulia kwenye upenyo. Mama Goreti alimpaka Kabula ile jeli, akapitisha kidude cha mashine tumboni, na kioo kikawaka.

Maduhu alisogea, akainama, akarudi nyuma.

"Hii ina chenga," alisema. "Zungusheni antena."

Mama Goreti alimweleza kwamba haina antena, ndivyo inavyoonyesha, nyeusi na kijivu. Akamwonyesha kichwa. Akamwonyesha uti wa mgongo, kama ushanga uliotungwa. Maduhu alitafuta kwa macho kwa subira, kama mtu anayetafuta ng'ombe kwenye ukungu, kisha akauliza rangi iko wapi, na sura iko wapi, na maandishi yako wapi.

Maandishi gani, aliulizwa.

Hapo akaeleza. Kabla hajaoa aliwahi kuona picha kwenye banda la Majimoto. Kulikuwa na mume aliyesafiri, mke mwenye mimba, na jirani. Wakampeleka mke kwenye mashine, taa za bluu zikawaka, mtoto akatokea kwenye kioo na uso mzima, anacheka, na chini pakaandikwa mambo. Mtafsiri akasema mashine imesoma damu na sura, mtoto ni wa jirani. Picha hiyo ilimkaa. Ng'ombe wakiwa wamelala, yeye aliiwaza.

"Mashine haidanganyi," alisema Maduhu.

Kabula aligeuza kichwa pale kitandani, akamwambia Mama Goreti, "Kama inaona mambo yote hayo, mama, mumwekee kwanza yeye kichwani. Tuone kama humo mna kitu."

Mama Goreti alijizuia kucheka. Alimwambia Maduhu wazi kwamba mashine hii haimjui baba. Hata mama haimjui. Inachojua ni kwamba kuna mtu humu ndani, na ukubwa wake. Maduhu akatikisa kichwa, si kwa hasira, ni kwa masikitiko, kama mtu aliyeuziwa redio isiyo na betri. Akasema basi mashine ya Mpanda ni ndogo. Kabula aende kwao kwanza, na yeye atatafuta ile kubwa, ya tanuri, hata kama iko Dar es Salaam, na wakati huo wazee wakae. Akashika kitasa cha mlango.

Mimi mikono ilikuwa na shuka. Naapa kama pazia lile lisingekuwepo, nisingesema.

"Shemeji," nilisema, maana Kabula ni wa kwetu. "Kwenye picha hiyo kulikuwa na mwanamke wa gauni la kijani, analia kwenye ngazi?"

Maduhu aliachia kitasa. Alitazama dari. "Nani huyo?"

"Mhudumu. Niko kwa pazia. Uliiona siku ya mnada?"

"Siku ya mnada. Tulikuwa tumeuza."

Nikamwambia kwamba mimi nilikuwa pale kwenye jenereta. Siku ya mnada banda lilijaa wafugaji, watu wa kukaa mbali na nyumba zao, na Sululu alipochungulia akaona waliokaa, akawapa mtoto wa jirani. Waliguna mpaka mbuzi wakakimbia wenyewe. Jumapili yake picha ile ile ilirudiwa, gauni lile lile, ngazi zile zile, ila banda lilijaa akina mama waliotoka kanisani. Siku hiyo Sululu alisema mtoto ni wa mume, na mashine ikamkaripia mume mbele ya watu kwa kumshuku mke wake. Wale akina mama walipiga vigelegele, na mmoja alimletea Sululu viazi.



"Sasa Mchina mwenyewe alisema nini?" aliuliza Maduhu.

"Hakuna anayejua, shemeji. Sululu hajui Kichina. Inawezekana daktari alikuwa anamwambia yule mama apunguze chumvi."

Sikuona uso wake. Nilisikia stuli ikiburutwa, akakaa. Kwa mtu aliyebeba picha hiyo kichwani miaka yote, nadhani alistahili stuli.

Mama Goreti hakupoteza nafasi. Alisema yeye hatafsiri, anapima tu, na mashine inaweza kusema jambo moja kwa kukadiria, nalo ni umri wa mimba. Akapima kichwa, akapima mfupa wa paja, akasema hii ilianza katikati ya kiangazi.

Nilifunga macho kule nyuma ya pazia. Sijui kwa nini alisema. Lakini ndivyo alivyo, hapunguzi wala haongezi.

"Katikati ya kiangazi," Maduhu alisema polepole, "mimi nilikuwa porini na ng'ombe."

Kioo kiliendelea kuonyesha kile kijivu.

Ndipo sauti ya mayu ikatoka kwenye benchi, kupitia pale mlango ulipoachwa wazi. Hakupandisha hata kidogo.

"Na ndama aliyevunjika mguu alikuja nyumbani kwa miguu yake?"

Maduhu aligeukia mlango. Mama yake akaendelea, akiwa amekaa vile vile. Akamkumbusha kwamba katikati ya kiangazi alimleta ndama mabegani, akamkanda, akamfunga vijiti, akala ugali wao, akalala kwake kama mume wa mtu, akaondoka kabla ndama hajaweza kusimama.

Maduhu alihesabu, safari hii bila vidole.

"Mayu," alisema Maduhu, "mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulisema unataka mashine."

"Mume wangu anamkumbuka ndama," Kabula aliiambia dari. "Yule ana alama hadi leo, na huyu anamwita kwa jina. Mimi ndiye nilikuwa nimesahaulika."

Mama Goreti aliminya kitufe na kuongeza sauti, na moyo wa mtoto ukajaa chumba kizima, pu-pu-pu-pu, haraka kuliko mtu anavyotegemea. Nyie mtausikia kila siku mpaka mzoee. Msizoee sana.

"Nani anakimbia?" aliuliza Maduhu.

"Hakimbii. Ni moyo wake."

"Mbona mbio hivyo?"

"Wote wako hivyo."

Alisikiliza. Aliinuka kwenye stuli, akaenda kwenye mashine, akaweka sikio karibu nayo, kisha akageukia upande wangu.

"Bwana wa pazia. Na hii nani anatafsiri?"

"Hii hakuna anayetafsiri, shemeji."

Alibaki ameinama pale. Baadaye akamuuliza mke wake, kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa ya chini, kama na yeye anasikia.

"Mimi namsikia tangu zamani," alisema Kabula. "Mwenye chenga ulikuwa wewe."

Waliondoka kwa haraka ya watu wenye habari. Maduhu alimshika Kabula kiwiko kama kwamba ngazi yetu moja ni mlima. Dereva wa bodaboda aliwasha. Nilipotoka kufuta benchi nikaona begi la shangazi kaja limebaki.

Nilitoka nalo mbio. Sijawahi kukimbia mbele za watu, na sijarudia. Nililiinua walipokee, na zipu, ambayo nadhani ilikuwa inangojea, ikaachia. Vitu vikamwagika kwenye vumbi mbele ya pikipiki. Tuliinama wote kuokota. Ilikuwa vitenge vilivyokatwa vipande vya nepi, soksi ndogo za kufuma, kofia ambayo isingeingia kwenye ngumi yangu, na shuka la kubebea.

Maduhu alishika ile kofia kwa vidole viwili.

"Mayu. Si nilikwambia ufunge nguo za Kabula?"

Mama yake alikuwa ameshapanda, amekaa vizuri, anangojea.

"Za Kabula ziko kwenye kamba," alisema. "Hazijakauka."

Mama Goreti alikuwa mlangoni na aproni yake nzito. Alirudi ndani haraka, na nilipomfuata nilimkuta anafuta mashine ambayo ilikuwa tayari imefutwa.

Toka hapo sikuzicheka picha kama zamani. Mtu akiwauliza tanuri liko wapi, msimcheke. Muulizeni ameona picha gani, na nani aliitafsiri. Mara nyingi humo ndimo ilimo nusu ya ugonjwa. Pazia la maua msikubali libadilishwe, hata wakileta jipya. Feni ipigeni upande wa kushoto ikigoma. Na altrasaundi ikiwa na mtoto, ongezeni sauti mapema, kabla watu hawajaanza kuuliza rangi.

Magamba sasa nina mashine ya kusaga. Haina kioo. Mtu analeta mahindi, anapata unga, hakuna anayeuliza ni wa nani. Mchana ni kelele tupu, jioni ni kimya, na kimya hicho kinanikumbusha chumba chetu.

Basi naomba mniandikie. Hata nusu ukurasa, na mwandiko wenu ukiinama ndiyo nitajisikia nyumbani. Mnieleze wagonjwa wanawauliza nini siku hizi, Mama Goreti amecheka na nini, na kama kuna mtu amepita hapo kutoka Majimoto akiwa amevaa kofia ndogo ya kufuma. Mpeni barua dereva yeyote wa Magamba, mseme ni ya mashineni. Na wakileta hilo tanuri lenye taa za bluu, mumwekee kwanza Mama Goreti kichwani, halafu mniambie limeona nini.